Je, wajua kwa nini njia mpya ya kutembea huchukua miaka miwili kumtoa mtu nyumbani?

Manispaa ikisawazisha njia ya miguu, ikamwaga changarawe na kuweka viti viwili vitatu kivulini, kila mtu hutarajia kwamba watu watajaa. Na kweli hujaa. Simama pale na daftari uhesabu vichwa: idadi imepanda, mheshimiwa anakata utepe, picha zinapigwa. Ila hesabu hiyo ina tundu. Haikuambii kama hao unaowaona wanatembea zaidi kuliko zamani, au wamehama tu kutoka njia waliyoizoea.

Uingereza walipata nafasi nzuri ya kuliziba tundu hilo. Mwaka 2007 mradi wa Sustrans, shirika la hisani linalohimiza kutembea na baiskeli, ulioitwa Connect2 ulishinda pauni milioni 50 za fedha za bahati nasibu, baada ya watazamaji wa televisheni kuupigia kura. Fedha hizo zilijenga njia za miguu na baiskeli katika maeneo zaidi ya 70. Watafiti wakachagua matatu, Cardiff, Kenilworth na Southampton, wakawatumia wakazi madodoso mwaka 2010, kisha wakawarudia watu walewale 2011 na 2012.

Inafaa kuangalia kwanza nini hasa kilijengwa. Kule Cardiff, mji mkuu wa Wales, ni daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, Pont y Werin, maana yake kwa Kiwelisi ni Daraja la Wananchi, linalovuka mto Ely kuelekea Penarth. Kenilworth walipata daraja juu ya barabara kuu yenye magari ya kasi. Southampton kulikuwa na njia ya kienyeji tu kando ya mto Itchen, ikageuzwa kuwa njia ya mbao. Aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa faida yake. Hapo mjini mto hujaa na kupwa pamoja na bahari, tena Southampton inajulikana kwa maji yake kukawia juu kuliko bandari nyingi. Njia ya udongo mahali kama hapo huishi kwa ratiba ya maji, si kwa ratiba yako.

Matokeo ya mwaka wa kwanza? Hakuna. Waliokaa karibu na njia waliitumia kuliko waliokaa mbali, lakini ukijumlisha dakika zao zote za kutembea na kuendesha baiskeli kwa wiki, hawakuwa wamewazidi. Mwaka wa pili ndipo tofauti ikajitokeza. Kila kilomita moja ambayo nyumba ya mtu ilikuwa karibu zaidi na njia, aliongeza dakika kama 15 kwa wiki. Kwa hiyo aliyekaa umbali wa kilomita moja alimpita wa kilomita nne kwa dakika 45 hivi. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, basi hizo si haba. Wala hapakuonekana dalili kwamba watu walifidia kwa kupunguza mazoezi mengine.

Kwa nini ichukue miaka miwili? Wa kwanza kufika kwenye njia mpya ni yule ambaye tayari ana viatu vya kutembelea mlangoni. Huyo alikuwa akizunguka mtaa kila jioni, sasa anazunguka kando ya mto. Amefurahi, lakini moyo wake haujapata kazi ya ziada. Anayetakiwa hasa ni jirani yake asiyetembea, naye huja polepole: kwanza asikie kwamba njia ipo, kisha wageni wamtoe siku ya sikukuu wakapunge upepo, kisha siku moja akumbuke kwamba dukani kunafikika kwa huko. Baada ya mwaka mmoja asilimia 32 ya waliohojiwa walikuwa wameitumia njia, baada ya miwili asilimia 38. Matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa kutembea kwa kujiburudisha, ingawa wapangaji wengi wa miji huota zaidi habari za baiskeli za kwendea kazini.

Si kila njia huzaa matunda. Huko Durham, North Carolina, reli iliyoachwa iligeuzwa kuwa njia ya mazoezi, na utafiti uliochapishwa 2005 haukuona wakazi wa jirani wakiongeza mazoezi. Mimi naona tofauti iko kwenye kizuizi. Mto, barabara kuu, maji yanayojaa: hivi ni vitu vinavyomzuia mtu kabisa, na vikiondolewa ramani ya mtaa inabadilika. Kupaka lami mahali ambapo watu walikuwa wakipita bila shida ni jambo zuri, lakini halifungui mlango uliokuwa umefungwa.

Nairobi wanalijua hili bila dodoso. Msitu wa Karura, hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, ndio uliomfanya mwanamazingira Wangari Maathai apigwe Januari 1999 alipopinga kugawiwa kwa wajenzi. Ulinusurika, lakini kwa miaka mingi watu waliambiana wasithubutu kuingia peke yao kwa hofu ya majambazi. Kizuizi kilikuwa woga. Baada ya chama cha Marafiki wa Karura kuanza kazi na Huduma ya Misitu ya serikali, kukawekwa ua wa umeme, walinzi, na njia zilizopewa alama, ambazo leo zimepita kilomita 50. Sasa mwanamke anakimbia humo asubuhi peke yake, na baiskeli za kukodi zinakusubiri ndani. Udongo ni uleule mwekundu unaoganda kwenye soli mvua ikinyesha, na haukumzuia mtu.

Ila utafiti ule wa Uingereza una jambo jingine ambalo huku linatuhusu zaidi: faida ilikuwa kubwa kwa wasio na gari. Wakazi wengi wa Nairobi hawana gari na tayari wanatembea, si kwa kupunga upepo bali kwenda kazini, pembeni mwa barabara ambayo mara nyingi haina hata ukingo wa kukanyaga. Na pale Karura, Jumamosi asubuhi, maegesho ya lango la Limuru Road hujaa mapema. Watu wameendesha gari ili waje kutembea.