Majani ya ngano yamegeuka zambarau? Usikimbilie mbolea ya DAP kwanza

Kila msimu huku Uasin Gishu, baridi ya Julai ikishika tu, simu zinaanza: majani yangu yamekuwa zambarau, niongeze DAP magunia mangapi? Subiri kwanza.

Zambarau sio lazima iwe njaa ya fosforasi, kile kirutubisho watu wanafuata kwa DAP. Baridi peke yake inaweza kupaka majani rangi hiyo, na kuna aina za ngano ambazo shina lao lina uzambarau hata zikiwa zimeshiba. Halafu ngano yenye njaa yenyewe mara nyingi haina zambarau yoyote, inakaa tu kijani iliyokolea, fupi, machipukizi machache, unaipita ukidhani iko poa. Macho yanakupa shaka tu, kupima majani maabara ndio kunakupa jibu.

Ati jani ni jani, chuma lolote upeleke? Hapana. Fosforasi inahama ndani ya mmea, ikipungua mmea unaitoa kwa majani ya chini unapelekea yale machanga, kwa hivyo wewe ukichuma la chini na jirani achume la juu majibu hayatalingana hata kama ngano ni ile ile. Ngano ikiwa bado changa, kata mmea wote juu kidogo ya udongo, kama mimea 50 hivi kutoka pale pabaya na mingine 50 pale pazuri, kila kundi na mfuko wake. Mfuko wa karatasi jamani! Mimi mwaka mmoja nilitia kwa plastiki ya ndani ya gunia, Ijumaa jioni, nikaisahau kwa gari mpaka Jumatatu, kufungua inanuka kama sileji, ile lishe ya ng'ombe iliyochachushwa. Sampuli ikioza inapoteza uzito lakini fosforasi inabaki, basi asilimia inapanda ya uongo.

Na usinipigie simu na namba ya maabara bila umri wa ngano. Fosforasi asilimia 0.25 kwa ngano changa inayotoa machipukizi ni njaa, lakini kwa ile iliyo karibu kutoa masuke ni sawa tu, maana mmea ukikua fosforasi inazimuka kama chai iliyoongezwa maji. Hata namba nzuri inaweza kukudanganya, ngano iliyodumaa kwa kukosa naitrojeni inaweza kuonyesha fosforasi ya kutosha kwa sababu haikui.

Fosforasi ikisoma chini kwa majani pia, usiseme udongo hauna. Udongo wetu mwekundu wenye asidi unaweza kuwa nayo lakini chuma na aluminiamu zimeikamata, ama kumekauka mizizi haiifikii. Peleka na udongo upimwe pamoja, pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 5.5 fikiria chokaa kabla ya kuongeza mbolea.

Kuna wale majibu yakirudi wanamwaga DAP juu ya ngano iliyokwisha simama. Hiyo ni pesa imelala, fosforasi haitembei udongoni kama naitrojeni, inabaki hapo juu na wakati wa machipukizi umeshapita. Majibu hayo ni ya msimu ujao, uiweke karibu na mbegu unapopanda.

Alafu ile 46 iliyoandikwa kwa gunia la DAP sio asilimia ya fosforasi tupu, ni ya P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni, maabara yenyewe inaandika P, fosforasi tupu. Gunia la kilo 50 lina kama kilo 10 tu za fosforasi.