Lineti ya njano haikuonyeshi mtu barabarani usiku

Juma hii watu watatu wamenikalia mbele na neno moja: dokta nipe lineti (miwani) ya njano ya usiku, taa za wenzangu zinaniua macho. Wa mwisho, motari (dereva wa teksi ya pikipiki) wa hapa Goma, Kongo, alikuwa nayo tayari, ameinunua mtaa wa Birere, bei bado imebandikwa kwenye kioo, na anaapa sasa anaona kila kitu.

Basi nikafunga pazia, nikawasha tochi ya simu pembeni ya karatasi ya herufi za kijivu, zile zilizofifia. Bila lineti akasoma mpaka mstari wa tatu. Na lineti akakwama wa pili. Alinyamaza.

Nieleze vizuri maana hapa njo watu wanachanganya sana. Mwanga mkali unafanya mambo mawili: unakuudhi, na unakuzuia kuona, na haya mawili si kitu kimoja. Mwanga ukiingia jichoni unatawanyika ndani ya lenzi na kumwaga kama ukungu juu ya picha yote, na ukungu huo unameza kwanza vitu vyenye rangi inayokaribiana na kilicho nyuma yake, kama mtu wa koti jeusi kwenye barabara yetu ya mawe nyeusi ya volkano. Kioo cha njano kinapunguza ukungu, sawa, lakini kinapunguza pia ule mwanga mdogo unaotoka kwa huyo mtu, kwa hiyo hujapata kitu. Macho yametulia tu, na wewe ukitulia unaongeza mwendo! Mwaka 2019 watafiti wa Boston walitoa matokeo yao: madereva 22 kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, lineti za njano aina tatu, wakiwamulika na taa kama za gari linalokuja, na hakuna hata moja iliyosaidia kumwona mtembea kwa miguu. Wazee wananibishia na Peugeot za zamani zenye taa za njano. Ni kweli Ufaransa ililazimisha taa hizo kuanzia 1936 mpaka 1993, lakini njano ilikuwa kwenye taa ya gari, haikuwa kwenye jicho la dereva.

Pesa ya lineti peleka fasi ingine. Osha parabrizi, kile kioo cha mbele cha gari, na ndani pia, kila siku narudia hii, ile mafuta na vumbi nyeusi vilivyoganda ndani vinatawanya mwanga kama lenzi chafu.

Ingine, madereva wananiambia: "akiniwashia full (taa kali za mbali) na mimi namuwashia." Sasa mko wawili msioona. Kwa 60 km/h gari inakula karibu mita 17 kila sekunde, macho yakichukua sekunde tatu kurudi umeshapita mita 50 hivi bila kuona. Punguza mwendo, angalia ukingo wa kuume wa barabara, usitazame taa yenyewe.

Na huyo unayemtukana pengine hakuwasha full hata kidogo. Gari nyingi hapa zimetoka Japani, volani (usukani) kuume, na taa zake zimetengenezwa kwa watu wanaoendesha upande wa kushoto, mwanga wake unapanda upande wa kushoto, na sisi tunaendesha kuume, kwa hiyo unaenda moja kwa moja usoni mwa anayekuja. Ukitia ampuli (balbu) za LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa ampuli ya halojeni ndiyo umemaliza, mwanga unaruka kila upande. Fundi abadilishe taa, kurekebisha urefu peke yake haitoshi.

Wengine wananiambia: "Nilipima macho nikapata 10/10." Kipimo hicho ni cha herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, chumba chenye mwanga, hakisemi chochote juu ya taa za usiku. Ukianza kuona duara kuzunguka kila taa, njoo tuangalie kama si katarakti, yaani mtoto wa jicho, hasa kama umepita miaka hamsini.

Wenye kutembea na wasukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) nao wanakosea: wanaona gari inawaka kutoka mbali basi wanafikiri dereva naye anawaona. Hapana, hakuoni. Ukipata utepe unaong'aa ukimulikwa na taa ya gari, ufunge kwenye vifundo vya miguu, si kifuani tu, maana mguu unaotembea njo unamfanya dereva atambue haraka kwamba ni mtu.