Mill town ni mji wa aina gani hasa?

Ukisikia Waingereza wanasema mill town usiende moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga mahindi, ingawa kwa kweli neno lilianzia hukohuko. Mill ni kinu, na vinu vya zamani vilizungushwa na maji ya mto, sasa mashine za kusokota uzi zilipokuja karne ya 18 nazo zikafungwa kwenye magurudumu yaleyale ya maji, basi jina likabaki hata mvuke ulipochukua kazi. Kwetu pia mtu wa Shinyanga anasema kinu cha pamba na hachanganyi na cha kutwangia.

Ila sio kila mji wenye kiwanda cha nguo ni mill town. Manchester ilikuwa na viwanda kibao lakini lile ni jiji. Mill town ni mji mdogo ambao ukitoa kiwanda hakuna mji, yani hata nyumba zimekaa zilivyokaa kwa sababu yake.

Chukua Hebden Bridge, mji wa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Zamani watu walikaa juu mlimani, Heptonstall, wakifuma sufu kwa mkono majumbani, na kule bondeni cha maana kilikuwa daraja la mawe lililojengwa kama mwaka 1510 ili farasi wa mizigo wavuke (bado lipo). Halafu viwanda vikafuata maji bondeni, mfereji wa Rochdale ukakamilika 1804, reli ikaja miaka ya 1840, watu nao wakashuka mlima kufuata kazi. Shida ikawa pa kulala, maana bonde ni jembamba na sehemu tambarare zote zimeshachukuliwa na mto, mfereji, reli na viwanda. Wakajenga nyumba juu ya nyumba, na simaanishi fleti. Ukipita mtaa wa chini unaona jengo la ghorofa nne, ukizunguka mtaa wa juu jengo hilohilo lina ghorofa mbili tu na mlango wake, familia nyingine kabisa. Wa chini ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo, dirisha la nyuma hana.

Kila mji ulikuwa na kitu chake, na hapa ilikuwa fustian, kitambaa kizito cha pamba, ndugu wa kodrai, cha suruali za watu wa kazi ngumu. Kitambaa kinatoka kwenye mtambo kina vitanzi vidogo, kinavutwa kikakaza juu ya meza ndefu, fundi anapitisha kisu chembamba ndani ya vitanzi, mstari baada ya mstari, mkono ukiyumba kidogo tu ameshatoboa. Mji ukabatizwa Trouser Town, mji wa suruali. Mwaka 1870 wafanyakazi wenyewe wakaanzisha ushirika wao wa kutengeneza fustian, kitu ambacho mimi nakiheshimu kuliko majumba yote ya matajiri wa viwanda.

Pamba yenyewe hailimwi kule hata kidogo. Nyingi ilitoka kusini mwa Marekani, imelimwa na watumwa, na vita vya kule vya 1861 mpaka 1865 vilipoikata, viwanda vya Lancashire, jimbo jirani, vikasimama na watu wakalala njaa. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyokausha merikani, kile kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kwenye soko la Zanzibar.

Maisha nayo yalipangwa na kiwanda. Kabla ya saa za kengele kuenea alikuwepo mtu wa kulipwa anapita alfajiri na fimbo ndefu anagonga madirisha watu waamke. Kwenye mabanda ya kufumia kelele ilikuwa kubwa mno, wanawake wakasomana midomo, na wakazoea mpaka wakaongea hivyo hata nje. Likizo nayo mji mzima wiki moja, viwanda vinazimwa, wote kwenye treni kwenda Blackpool, mji wa pwani, kwa hiyo ufukweni unakutana na jirani yuleyule.

Nguo za bei rahisi kutoka nje zikaua biashara, miaka ya 1960 nyumba zikaanza kubomolewa, 1970 na kitu wakaja wasanii na mahipi kwa sababu ya bei chee, leo bei sio chee tena. Na nyumba za juu bado zinawasumbua mawakili, maana mwenye nyumba ya juu mara nyingi hamiliki ardhi iliyo chini yake, chini ni sebule ya mtu mwingine, na baadhi ya benki zikisikia hivyo zinasita kutoa mkopo.