Kabla Hujaosha Injini Iliyonoki

Jumamosi jioni niliitwa uwanja wa mbio wa Famoso, nje kidogo ya Bakersfield, California. Nilikuta dragsta, gari la mbio fupi za mstari ulionyooka, imefunikwa turubai, beseni limewekwa chini na oili bado inadondoka. Mwenye gari, mzee aliyevuka miaka sabini, alinikabidhi kipande cha konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, kikiwa bado na joto la jua. "Alumini hizi huchoka," aliniambia. "Nitafutie seti mpya, tuoshe bloku, tuizibe, tufunge."

Nilimwomba kitu kimoja: mtu yeyote asioshe chochote.

Nilijifunza ufundi Tanga, kwenye gereji ya malori, na huko injini ikishushwa kazi ya kwanza ya kijana ilikuwa kuosha vifaa kwa dizeli mpaka ving'ae. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tulikuwa tunaosha ushahidi. Injini iliyonoki ina habari yote mwilini mwake, na habari hiyo iko kwenye uchafu: rangi ya oili, unga wa chuma ndani ya filta, weusi wa beringi.

Injini yenyewe ni Chrysler 392 ya mwaka 1958, V8 ya lita 6.4. Watu huiita Hemi kwa sababu chemba yake ya kuchomea mafuta ina umbo la nusu tufe, valvu zikitazamana pande mbili. Chrysler waliitengeneza miaka miwili tu, 1957 na 1958, kisha vijana wa California wakaizoa kwenye magari yaliyotupwa na kuifanya mfalme wa mbio za robo maili. Juu yake imekaa supachaja, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ya 6-71, ambayo asili yake ni injini ya dizeli ya mipigo miwili ya General Motors: silinda 6, kila moja inchi 71 za ujazo, na namba ikatoka hapo. Injini hii inachoma methanoli.

Gari ni la mtindo wa zamani: injini mbele, dereva nyuma yake, amekaa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma. Chochote kinachopasuka kinamwendea yeye. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions kule Long Beach, giaboksi ya Don Garlits, dereva maarufu wa dragsta, ililipuka mahali dereva anapoweka miguu, ikamkata sehemu ya mguu wa kulia na kulikata gari vipande viwili. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma, na mchezo mzima ukamfuata. Kwa hiyo anayeendelea kuendesha gari la injini mbele leo anajua anachokikalia, na mimi ninayemfungia injini siwezi kubahatisha sababu. Nikikosea, oili ya moto inamwagika usoni pa mtu.

Nilianza na plagi. Kama mafuta yalikuwa machache au cheche ya plagi ilikuwa inawaka mapema mno, kaure nyeupe ya plagi huwa na vidoadoa vya alumini iliyoyeyuka kutoka kwenye pistoni. Plagi zote nane zilikuwa safi. Vichwa vya pistoni saba vilivyobaki vilikuwa vizima, kingo zake kali kama siku vilipotoka dukani. Uchomaji ulikuwa na afya.

Kisha konrodi namba 6, ile iliyovunjika. Chuma kilichochoka hupasuka kidogo kidogo, na kwenye mpasuko utaona mistari iliyopangana kama ile inayoachwa na maji mchangani yakikupwa. Hapa hapakuwa na mstari hata mmoja. Uso wote ulikuwa mkavu, wenye chengachenga, umevunjika kwa mkupuo mmoja. Boliti moja ilikuwa imevutika ikawa nyembamba katikati. Konrodi haikuchoka, ilivunjwa.

Jibu lilikuwa kwenye beringi. Beringi ya konrodi ina nusu mbili. Nusu ya juu hubeba msukumo wa moto, nusu ya chini, upande wa kifuniko, hubeba mvuto pale pistoni inapofika kileleni na kutaka kuendelea na safari. Ya namba 6 ilikuwa imeyeyuka, haisomeki. Namba 5, inayoshiriki nayo jarida moja (shingo ambayo konrodi hushika) la kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa nyeusi pande zote. Lakini nilipofungua 3, 7 na 8, nusu za juu zilikuwa za kijivu safi na nusu za chini zimekwanguka mpaka shaba inaonekana. Beringi kuu za kranki zilikuwa karibu nzima.

Injini hii ilikosa oili, na haikuikosa wakati inavuta kwa nguvu zote.

Nikamwuliza mzee: sauti uliisikia wapi? Akafikiri, akasema alikuwa ameshapita mstari, ameachia mafuta, amevuta parashuti. Mtu wa uwanja akathibitisha kwamba oili ilianza kuonekana baada ya mstari wa kumalizia.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi huamini injini inateseka zaidi mguu ukiwa chini. Kwenye 392 pistoni husafiri milimita 99 kutoka juu hadi chini. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, nguvu inayoivuta kileleni ni zaidi ya mara 3,400 ya uzito wake. Pistoni na pini yake, gramu 900 hivi mezani, inaivuta konrodi kama mzigo wa tani 3, mara 116 kila sekunde. Moto ukiwa unawaka, presha ya gesi inaipunguzia konrodi mvuto huo kwenye mzunguko mmoja kati ya miwili. Ukiachia mafuta ghafla, msaada huo wa gesi unaondoka, na hewa iliyopungua ndani ya manifoldi, njia za kuingizia hewa, inaongeza kuivuta pistoni. Mzigo wote unahamia upande wa kifuniko. Dereva wa lori anayeshuka mteremko mkali wa Kitonga kwa gia ndogo huku injini ikilia kupita kiasi anaiweka injini yake kwenye hali hiyohiyo.

Sasa ongeza parashuti. Gari likipunguza mwendo kwa nguvu sawa na uzito wake, uso wa oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, hausimami tena mlalo, unainama nyuzi 45 kuelekea mbele. Mdomo wa kufyonzea wa pampu ya oili ya gari hili uko nyuma, kwa sababu wakati wa kuondoka oili hukimbilia nyuma. Niliifungua sampu: ilikuwa imeundwa upya miaka michache nyuma, kazi nzuri ya kulehemu kwa nje, na ndani hakuna ukuta hata mmoja. Kila mbio, kwa sekunde kadhaa baada ya mstari, pampu ilikuwa inafyonza hewa. Konrodi mpya zingevunjika vilevile, labda mwaka ujao.

Bloku, mwili wa injini, ilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja ubavuni na mdomo wa chini wa silinda namba 6 umemegeka. Mzee hakutaka bloku mpya ya alumini, na nilimwelewa. Hiyo ndiyo injini aliyoinunua akiwa kijana. Chuma cha kalibu ukikilehemu bila kukipasha moto chote kwa utaratibu kinapasuka pembeni ya weldi, kwa hiyo kiraka kilishonwa kwa ubaridi, pini zenye nyuzi zikiingiliana moja ndani ya nyingine mpaka zikafanya mshono. Silinda ikavikwa slivu, bomba jipya la ndani. Kabla ya hapo tulipima nyufa kwa sumaku na unga wa chuma kwenye kuta zote zinazoshika kranki. Kama tungekuta ufa hapo, ningemwambia aigeuze kuwa meza ya sebuleni.

Kranki ya chuma cha kufuliwa ilipona. Jarida la 5 na 6 lilikuwa la bluu kwa joto. Tulilipima nyufa, tukachonga majarida yote ya konrodi kwa thau 10 (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi), yaani milimita 0.25, na nilisimama mwenyewe kuhakikisha kona za mviringo kando ya jarida zimeachwa pana. Kona kali ni mahali pa ufa kuzaliwa. Pampu ya oili, mipira na kupoza-oili vyote vilitupwa. Huwezi kusafisha chenga za alumini ndani ya kupoza-oili, hata uoshe wiki nzima.

Kwenye nafasi ya beringi, kanuni ya zamani ni thau 1 kwa kila inchi ya kipenyo cha jarida. Jarida hapa ni karibu inchi 2.4, lakini niliacha thau 3, kwa sababu oili ya mbio ni nzito. Kati ya pistoni na kichwa niliacha thau 60, maana konrodi ya alumini hurefuka ikipata moto karibu mara mbili ya chuma, kisha huvutika tena kwenye mizunguko ya juu. Boliti za konrodi sikuziamini kwa torki, nguvu ya kukazia, peke yake. Nilipima urefu wa kila moja kabla na baada ya kukaza, na zile namba ziko kwenye daftari la gari.

Sampu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Niliunda mfano wenye ubavu wa plastiki angavu, nikatia oili, nikauinamisha nyuzi 45, kisha 60, nikitazama mdomo wa kufyonzea. Mara mbili za kwanza ulibaki mkavu. Mara ya tatu, nikiwa nimeweka kuta mbili na milango ya bawaba inayoruhusu oili kuingia nyuma na kuizuia isirudi mbele, mdomo ulibaki umezama. Nikaita familia yangu gereji waje kuona. Hiyo ndiyo sampu iliyomo kwenye gari leo.

Na mzee amebadilisha mguu wake: akishaachia mafuta, anakanyaga klachi papo hapo, injini ishuke yenyewe badala ya kuburuzwa na magurudumu.

Kabla ya kuiwasha nilichomoa distribyuta, nikazungusha pampu kwa drili mpaka oili ikatokeza kwenye roka zote, vikono vinavyosukuma valvu. Baada ya mbio tatu niliifungua sampu, nikashusha kifuniko cha namba 6 na cha namba 3. Nusu za chini zilikuwa za kijivu, hazina mkwaruzo.