Damu ya wizi? Tazama hesabu ya Denmark

Kazi yangu ni saikolojia, na huwasaidia maafisa wa probesheni hapa Malindi kuandaa ripoti za kabla ya hukumu. Ukienda kuulizia habari za mshtakiwa, iwe Maweni au Kisumu Ndogo, hupiti nyumba mbili kabla hujaambiwa: "Mwanangu, huyo usijisumbue naye. Babake alikuwa hivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Siwapuuzi. Damu ina nafasi yake, ila si hiyo wanayoidhania.

Ugumu ni kwamba baba humrithisha mtoto damu, na papo hapo humpa nyumba, mtaa na jina. Kipi kimemponza? Ndiyo maana watafiti huwafuata watoto waliolelewa na wasiowazaa. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 14,000 wa Denmark waliochukuliwa na wazazi wa kulea kati ya 1924 na 1947. Kwa wanaume ambao wazazi wao wa damu na wa kulea, pande zote mbili, hawakuwahi kuhukumiwa, asilimia 13.5 walikuja kupatikana na hatia. Aliyehukumiwa akiwa mlezi tu, 14.7. Akiwa mzazi wa damu tu, 20. Pande zote mbili, 24.5.

Hapo majirani zangu watapiga vigelegele. Wasubiri kidogo. Asilimia 20 maana yake wanane kati ya kila kumi, damu ile ile, hawakupatikana na hatia. Tena uhusiano huo ulionekana kwenye makosa ya mali. Kwenye makosa ya kutumia nguvu haukuonekana. Sisi mitaani husema kinyume: mwizi tunamwonea huruma kwa njaa, mpiganaji ndiye tunamtafutia babu. Halafu familia za kulea huchujwa kabla ya kupewa mtoto, kwa hiyo malezi mabaya kabisa hayakuingia vizuri kwenye hesabu ile.

Jeni ya kuiba kuku haipo. Kinachorithiwa ni tabia za msingi: pupa, kutojizuia, kupenda hatari. Kijana wa namna hiyo anaweza kuwa mvuvi hodari wa bahari kuu. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliandika kuhusu wavulana wa Dunedin, New Zealand: wenye aina fulani ya jeni iitwayo MAOA walielekea zaidi kwenye ukorofi na ukatili iwapo waliteswa utotoni. Wenye aina hiyo hiyo ya jeni waliolelewa bila mateso hawakuwa hivyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na mimi nisingemfunga mtu kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo habari ya ukoo siiandiki. Naandika aliacha shule darasa la ngapi, nani alikuwa akimpiga, unga, yaani heroini, aliuanza lini na kwa nani, na kama yuko mtu nyumbani wa kumtoa kila asubuhi aende kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga. Hayo hakimu anaweza kuyatolea amri.