Si kila kijani ni mwani

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu inaita. Mama mmoja wa Mbezi Beach, mteja mpya, ana bwawa la kuogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Hebu njoo uone, bwawa limekuwa kijani. Jana nimemwaga klorini ndoo nzima, leo ndo limezidi."

Nikamuuliza swali moja tu: maji ya kujazia yametoka wapi? Kimya kidogo.

"Ya kisima. Lakini ni masafi fundi, tunachemsha tunakunywa."

Huyu ni wa nne mwezi huu. Wa nne! Basi leo nimekaa chini naandika, ili wa tano nimtumie hii kabla sijapanda bodaboda.

Watu wameshika kwamba maji yakiwa kijani ni mwani, na mwani dawa yake ni klorini, na klorini ikishindwa dawa yake ni klorini nyingine. (Mwani ninaousema si ule wa Paje, Zanzibar, unaoanikwa mchangani. Ni huu utelezi unaoota ukutani mwa bwawa.) Visima vingi virefu vinatoa maji yenye chuma kilichoyeyuka. Kwenye glasi hukioni, kama usivyoona sukari ndani ya chai. Ukitia klorini, chuma kile kinapata kutu humo humo majini, na maji yanaingia umanjano. Sasa umanjano huo uuweke juu ya vigae vya buluu: jicho linasoma kijani. Aliyemwaga ndoo nzima hakuua chochote. Amepika kutu.

Nilipofika sikufungua hata begi. Nilitupa sarafu ya shilingi mia mbili upande wa kina kirefu, nikaiona inateremka hadi inatua chini. Mwani ukishakolea maji yanakuwa mazito, sarafu inakupotea njiani. Nikapitisha kiganja ukutani: hapatelezi. Nikamwomba kijana wa bustani ndoo nyeupe, nyeupe kabisa, akaikinga kwenye bomba la kisima. Nikatia klorini ya unga nusu kijiko cha chai, nikakoroga kwa kijiti. Mama akanikaribisha chai. Kabla sijamaliza kikombe, ndoo ilikuwa na rangi moja na kikombe.

"Umetia nini humo?"

"Klorini yako, mama."

Kipimo hicho hakina gharama, na bado watu hawakifanyi. Wanaponikasirisha zaidi lakini ni kwenye madoa.

Doa la kahawia ukutani au kwenye ngazi linaweza kuwa la kutu, au la majani. Kama una mkungu au mwembe karibu na bwawa, jani likilala chini siku tatu linaacha kivuli chake kama muhuri. Kwa macho madoa haya mawili ni mapacha, na dawa ya moja ni adui wa jingine. Doa la jani linafutika kwa klorini: weka punje chache juu yake (kwenye plasta tu, si kwenye bitana ya plastiki), subiri, linapauka. Doa la kutu ukiliwekea klorini unalikaza. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote nunua vidonge vya vitamini C duka la dawa, vile vyeupe visivyo na rangi ya chungwa, ukasugue kimoja juu ya doa kwa nusu dakika. Likiondoka, ni metali, mara nyingi chuma. Lisipoondoka, jaribu klorini. Ndimu ya unga nayo inafanya kazi, ila inatafuna plasta ukizembea.

Halafu kuna mafundi wenzangu na mrututu wao. Mrututu unaua mwani, sikatai, na ni rahisi. Lakini mrututu ni shaba, na shaba haiendi popote. Maji yanapovukizwa na jua, yenyewe inabaki. Siku pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikipanda, shaba inajitoa majini na kujipaka ukutani, buluu-kijani, wakati mwingine nyeusi kabisa. Mwenye nyumba anaona kijani ukutani anasema mwani umerudi, fundi anaongeza mrututu. Nimekuta bwawa limelishwa hivyo miaka. Na zile nywele za wageni zinazogeuka kijani, klorini inasingiziwa bure. Ni shaba hiyo hiyo.

Mwani wa kweli hauna maneno mengi. Shusha pH kwanza, 7.2 hivi, kwa sababu kwenye 8.0 klorini yako inafanya kazi kwa robo tu ya nguvu yake. Piga brashi kuta zote, nyuma ya ngazi, kwenye kona ya kivuli. Tia klorini jioni, jua limezama. Pampu iende usiku kucha. Ndiyo, najua LUKU inakula, lakini mnaoendesha pampu saa mbili kwa siku ili kuokoa umeme mnakuja kunilipa mimi ule umeme. Asubuhi bakwashi (kuosha filta kwa kurudisha maji kinyume), brashi tena, pima, rudia. Brashi ndiyo nusu ya dawa, na hakuna anayeitaka kwa sababu haiuzwi kwenye kopo.

Usichanganye klorini ya unga na vidonge vya klorini kwenye chombo kimoja, wala usitumie kijiko kimoja. Vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Hilo silirudii.

Vidonge vyenyewe navyo. Vidonge vingi vya klorini vinaacha steibilaiza majini, nayo kama shaba, haiondoki. Kiasi kidogo, miligramu 30 mpaka 50 kwa lita, kinailinda klorini na jua letu hili. Ikifika 150 klorini ipo kwenye kipimo lakini kazini haipo, na mwani unaota huku kipimo kinakwambia kila kitu safi. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza upya. Najua bei ya boza. Na boza lenyewe muulize dereva amechota wapi, asije akakuletea kisima kingine.

Yako mambo siyawezi, niseme tu. Ule mwani mweusi wa madoadoa unaozamisha mizizi kwenye plasta kuukuu: naukwangua kwa brashi ya waya, naupaka klorini, unapotea, na sijawahi kuapa kwamba umekufa. Dawa za kuondoa fosfeti, chakula cha mwani, nimeziuza mara mbili. Maji yalikaa vizuri, lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepiga brashi kama mwendawazimu, sasa nisifu lipi? Kuna bwawa Kigamboni nililitoa kutu kwa vitamini C, mama yangu, plasta ikang'aa kama yai. Mwezi wa pili doa likarudi palepale, umbo lilelile. Nashuku nondo iko karibu na uso. Mwenye nyumba anashuku mimi.

Kwa mama wa Mbezi Beach sikutumia dawa ya bei. Bwawa lake ni mita nane kwa nne, wastani wa kina mita moja na nusu, lita 48,000. Kutu ilikuwa imeshajitenga na maji, kazi ilikuwa kuilaza chini. Nikatia shabu, ile ile bibi zetu walisafishia maji ya mtungi, nikazungusha maji kidogo, nikazima pampu. Usiku mmoja. Asubuhi chini palikuwa na tope laini la kahawia, na juu yake maji unasoma gazeti. Nikalifyonza polepole moja kwa moja kwenye valvu ya taka, bila kupitisha kwenye filta, kwa sababu tope lile mchanga wa filta haulishiki lote.

Bwawa likapungua sentimita tano, lita 1,600 hivi. Mama amefurahi, anapiga picha. Nageuka kukusanya mipira yangu, namwona kijana wa bustani kasimama ukingoni na mpira wa kisima mkononi, maji yanatoka, anajazia.

"Shusha huo," nikamwambia. "Kalete kwanza ile ndoo nyeupe."