Mlinzi asiyehesabika: maana ya mfumo wa walinzi watatu wa nyuma katika futiboli ya vyuo

Ukimsikia mtangazaji wa futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vikuu akisema timu fulani inacheza 3-3-5, anakupa hesabu ya watu 11 wa ulinzi: watatu walioinama mstari wa mbele, uso kwa uso na wapinzani, watatu wa kati hatua chache nyuma yao, na watano wa nyuma. Hesabu hiyo ni ya zamani na peke yake haikuambii mengi. Ninayotaka kuieleza ni sura yake moja, ile ambayo Iowa State, chuo kilichopo mji wa Ames, kilianza kuitumia mwaka 2017 chini ya kocha mkuu Matt Campbell na kocha wa ulinzi Jon Heacock. Kati ya wale watano wa nyuma, wawili wanakaa pembeni, na watatu waliobaki wanasimama mbali na mpira wamejipanga kama mafiga. Figa la katikati ndilo lenye siri.

Tuanze na shida iliyowasumbua. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifanikiwa inapewa mengine manne. Kabla ya kila jaribio, kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, huwatazama walinzi na kuwahesabu. Akiona wamejazana karibu na mpira, anarusha juu. Akiona wamerudi nyuma, anamkabidhi mkimbiaji. Kila mlinzi unayempeleka mahali, umemtoa mahali pengine.

Vyuo vya Big 12, ligi ambayo wakati huo ilikuwa ya akina Oklahoma na Texas, vilikuwa vimeifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi kwa kile ninachopenda kukiita agizo lenye milango miwili. Kocha haagizi kukimbia wala kurusha. Anaagiza yote mawili kwa pamoja, halafu kwotabeki anamsoma mlinzi mmoja tu, mara nyingi mmoja wa wale watatu wa kati. Mlinzi huyo akisogea mbele kumzuia mkimbiaji, mpira unarushwa pale alipotoka. Akibaki nyuma, mkimbiaji anapewa mpira. Afanye lipi, amekosea. Kanuni za vyuo nazo zinausaidia mtego huu: watu wa mstari wa mbele wa timu inayoshambulia wanaruhusiwa kusonga hadi yadi 3 mbele huku mpira bado unaweza kurushwa, wakati NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, inaruhusu yadi 1 tu. Kwa hiyo mlinzi anawaona wanaume watano wazito wanamjia kama watu wanaofungua njia ya mkimbiaji, naye anaamini macho yake.

Uwanja wenyewe pia una neno. Una upana wa futi 160, na alama mbili za ndani ambako jaribio huanzia zimeachana futi 40. Jaribio likianzia alama ya kushoto, upande mmoja una futi 60 na mwingine una futi 100. Mrushaji anapenda sana upande ule mpana.

Sasa jibu la Ames. Ukiwaweka watatu mbele na watatu kati, kwotabeki anahesabu sita karibu na mpira. Yeye ana watu wake watano wa mstari wa mbele na pengine wa sita aliyejibana nao pembeni, kwa hiyo kila mlinzi ana wa kumzuia. Hesabu inamwambia kimbia. Yule wa katikati kati ya walinzi watatu wa nyuma, aliyesimama yadi 10 au 12 kutoka kwenye mpira, hayumo katika hesabu hiyo, kwa sababu kwa desturi mtu aliyeko umbali ule ni wa kulinda mipira ya juu.

Litazame jaribio moja kwa karibu. Ni jaribio la pili, zimebaki yadi 6. Mpira unaanzishwa. Kwotabeki ameushika tumboni mwa mkimbiaji bila kuuachia, macho yake kwa mlinzi wa kati wa upande wa kulia. Mlinzi huyo anarudi nyuma hatua mbili, akiifunga njia ya kurusha. Vizuri, mlango wa pili uko wazi, na mkimbiaji anaachiwa mpira. Mbele yake kuna pengo halisi, limefunguliwa na wenzake, na nyuma ya pengo anaona majani matupu. Lakini tangu mpira ulipotikisika, yule wa katikati amekuwa akishuka. Hakuna aliyepangwa kumzuia, maana hakuna aliyemhesabu. Anafika kwenye pengo kwa mwendo kasi, akiwa ameshaona kila kitu kikijipanga mbele yake, na mkimbiaji anaangushwa baada ya yadi 2. Jaribio linalofuata, kwa mpangilio uleule kabisa, yule mtu anabaki nyuma na kuudaka mpira uliorushwa mahali kwotabeki alipodhani hapana mtu.

Hapo ndipo suala la maagizo linapoingia. Timu inayoshambulia haraka humnyima kocha wa ulinzi muda wa kuagiza. Saa ya kuanzisha jaribio ni sekunde 40, na wapinzani wanaweza kuwa tayari mapema zaidi. Kwa miaka mingi maagizo yalitoka pembeni kwa ishara za mikono na mabango ya picha. Ni mwaka 2024 tu ndipo vyuo vya ngazi ya juu viliporuhusiwa kuongea na mchezaji mmoja uwanjani kupitia redio ya kofia, nayo hukatwa saa ikibakiza sekunde 15. Mfumo wenye sura moja unapunguza maneno. Walinzi wanasimama vilevile, agizo ni fupi, na mabadiliko yote yanatokea baada ya mpira kuanza.

Naamini pia kwamba ulitokana na hali ya chuo chenyewe, na hilo ndilo linalonifanya niuheshimu. Vijana wa kilo 140 wenye kasi hugombaniwa na vyuo vikubwa. Vijana wembamba wenye akili ya mchezo ni wengi zaidi. Heacock alijenga ulinzi kwa watu aliokuwa nao.

Tarehe 7 Oktoba 2017 Iowa State waliifunga Oklahoma, iliyokuwa ya tatu nchini, 38-31 kwenye uwanja wa Oklahoma wenyewe, mjini Norman. Kusema kweli alama 31 si chache, ingawa kwotabeki wa Oklahoma alikuwa Baker Mayfield, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huo. Ushahidi ulio bora kwangu ni wa wiki tatu baadaye, walipoifunga TCU, chuo kingine cha Big 12, iliyokuwa ya nne nchini, 14-7. Timu iliyoshinda mechi 3 mwaka 2016 ilimaliza 2017 na ushindi 8.

Mfumo una ubovu wake, nao uko mbele. Watu watatu hawamfikii kwotabeki haraka, hivyo mwenye subira anaweza kusimama akitafuta. Na mpinzani mwenye nguvu anaweza kuleta wazuiaji wawili wa ziada karibu na mstari na kuwagonga wale watatu moja kwa moja, yadi 4, yadi 5, tena na tena. Ikifika hapo, yule wa katikati analazimika kushuka mapema, kabla mpira haujaanza, na kwotabeki anamwona na kumhesabu kama wengine.